Kukimbia na Kukimbilia: Feri Aliyoichora Mwanafunzi Wangu

Katika mtoto wa meza yangu, hapa nyumbani Timbwani, pana karatasi moja iliyotoka katika daftari la hesabu. Ina miraba midogo, kama yalivyokuwa madaftari ya hesabu ya siku zile, na juu ya miraba hiyo mwanafunzi wa darasa la tano amechora feri kwa penseli. Feri yenyewe imefika. Mlango wake umeteremshwa hadi ukagusa nchi kavu, na abiria wanashuka. Wako wengi, wadogo kama punje za mchele, lakini kila mmoja ametiwa macho, pua na mdomo. Mbele yao wote yuko mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya kazi na kubeba kikapu, na mguu wake wa kulia umekwisha kukanyaga mchanga.

Karatasi hiyo nilimnyang'anya mchoraji wake mwaka 1994. Sikumrudishia. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 30 na sasa nimestaafu, na katika makosa yangu yote ya ualimu, ambayo si haba, hilo ndilo linalonijia usiku. Ndugu msomaji, na hasa wewe mwalimu mwenzangu na wewe mwanafunzi, leo sina haja ya kukuhubiria. Nataka kukusimulia kosa langu, kisha tulitazame pamoja jambo ambalo shule zetu zimelidharau kwa muda mrefu: akili ya mtoto inapoelemewa, mara nyingi mkono wake hutafuta penseli kabla ulimi wake haujapata neno.

Mvulana huyo alikuja shuleni kwetu mwanzoni mwa muhula wa pili, mwezi wa Mei, akitokea shule ya upande wa Mtongwe. Mama yake, ambaye asili yake ilikuwa bara, ndiye aliyemleta. Alikuwa mtoto mpole, nguo zake safi, na hakumsumbua mtu. Ila mikono yake haikutulia. Katika vipindi vyangu vya hesabu alikuwa akichora, na alichora kitu kimoja tu: feri. Hakuchora feri iliyo katikati ya maji, wala iliyoegeshwa ikingoja magari. Daima ilikuwa feri inayofika.

Siku ya kwanza nilimwonya. Siku ya pili nilimchapa fimbo mbili za viganja, maana wakati huo fimbo ilikuwa kifaa cha kazi kama chaki. Ilikuja kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Siku ya tatu niliinyanyua picha yake mbele ya darasa zima, nikauliza kwa kejeli kama feri hiyo ndiyo itakayomvusha hadi shule ya upili, kisha nikaichana vipande viwili. Wenzake walicheka. Yeye hakulia. Aliviokota vile vipande, akavilinganisha juu ya dawati, akavitazama kidogo, halafu akafungua ukurasa mpya. Nilikuja kumnyang'anya picha nyingine baada ya hapo, nikazitia katika jalada la mahudhurio bila hata kuziangalia. Nyingi zilipotea. Hii moja ilibaki.

Mwaka ulikaribia kwisha aliponiita mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa jirani ya mama wa yule mvulana. Tulikuwa katika chumba cha walimu tukisahihisha madaftari. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani wewe hujui? Babake mtoto yule alikuwa ndani ya Mtongwe."

Mkazi wa Likoni hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Kwa msomaji wa mbali, au kijana aliyezaliwa baadaye, nitasema machache. Asubuhi ya Ijumaa, Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka ikiwa na abiria wapatao 400, kupita kiwango chake, wengi wao wakiwa watu wa kwenda kazini. Walikufa watu 272. Feri hiyo haikuzama katika bahari kuu. Ilipinduka takriban mita 40 tu kutoka nchi kavu, mahali ambapo mtu angeweza kumwita mwenzake ufuoni naye akaitika.

Basi ndipo nilipoifungua ile karatasi na kuitazama kwa mara ya kwanza. Feri ambayo haikufika, mtoto yule alikuwa akiifikisha. Aliifikisha kila siku, kipindi cha hesabu, akamteremsha baba yake kwanza.

Huenda msomaji akatarajia niseme kwamba kesho yake nilimwita nikamwomba radhi. Sikufanya hivyo. Niliacha kumnyang'anya karatasi, na nikajidanganya kwamba huo ni wema wa kutosha. Kila mara nilijiambia kuwa nitazungumza naye muhula ujao. Akafika darasa la nane, akasajiliwa kufanya mtihani wa KCPE. Kisha ikaja Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zilizofuata ziliwalenga watu wa asili ya bara waliokuwa wakiishi nasi. Watu waliuawa, nyumba na vibanda vikateketezwa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, wengine wakavuka kwenda kisiwani na bara. Shule zilipofunguliwa Septemba, dawati lake lilikuwa tupu. Siku ya mtihani nambari yake ilisomwa na hakuna aliyeitika. Sijamwona tena.

Kwa nini nilikosea? Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na jibu lake nimelipata katika sarufi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiifundisha. Kitenzi kukimbia hutaja kile kinachoachwa nyuma: mtu hukimbia njaa, hukimbia vita, hukimbia deni. Tukikitia kauli ya kutendea, kikawa kukimbilia, hutaja mahali panapoendewa: mtu hukimbilia mti mvua inaponyesha, mtoto hukimbilia kwa mama yake. Na kutokana na kitenzi hiki cha pili tukapata nomino kimbilio, yaani mahali pa salama. Mimi nilimwona mtoto anayekimbia hesabu. Sikujiuliza hata siku moja anakimbilia wapi.

Wasomi wa nafsi ya mwanadamu wamebishana sana juu ya tabia hii ya akili kujitoa katika uhalisia na kujijengea ulimwengu mwingine. Wako wanaoiona kuwa uvivu, au mwanzo wa maradhi. Wako wanaoiona kuwa pumzi ambayo mtu huivuta ili aweze kuzamia tena. Naona kwamba pande zote mbili zina haki, ila zinazungumzia mambo mawili tofauti kwa jina moja. Kuna safari ya mawazo ambayo mtu huenda akarudi, na anaporudi ana nguvu zaidi. Kuna nyingine ambayo kila akienda hurudi akiwa amepungua, mpaka siku moja asirudi kabisa.

Hapa Mombasa hatuhitaji mifano ya kuazima. Ukitaka kuona safari ya aina ya kwanza, vuka feri uende Fort Jesus. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na wageni wengi huenda kutazama mizinga. Mimi, kila nilipowapeleka wanafunzi wangu, niliwasimamisha mbele ya lipu ya zamani iliyohifadhiwa humo, ambayo juu yake askari wa Kireno wa karne ya 17 walichora kwa rangi nyeusi ya mkaa na nyekundu ya udongo. Hawakuwa wasanii wenye kusifika. Walikuwa watu wa zamu, mbali na kwao, katika pwani ambayo homa iliwaua wengi na ambayo wenyeji wake hawakuwataka. Walichora nini? Walichora meli. Walichora watu, na walichora kanisa. Yaani, walichora chombo cha kuwarudisha nyumbani na mlango wa kuingilia watakapofika.

Tusidhani kwamba hiyo ni hulka ya Wareno pekee. Mwaka 1964 wanaakiolojia Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wao kuhusu michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa katika lipu za majengo ya kale ya pwani yetu, kwa mfano Gedi na Kilwa. Ni mitepe na majahazi yenye tanga na kamba zake, yaliyochorwa kwa ncha ya kitu kikali kwenye kuta za nyumba za mawe. Hatuwajui waliochora, wala kilichowasibu. Tunachokijua ni kwamba mtu aliketi karibu na ukuta, akatia chombo baharini kwa mkono wake, na chombo hicho kimedumu kuliko dari ya nyumba.

Askari wale wa Fort Jesus walipomaliza kuchora walirudi zamu. Hilo ndilo nililotaka wanafunzi wangu walione. Picha ya meli haikuwatoa ngomeni. Iliwawezesha kukaa humo kwa siku nyingine.

Elimu ya kisasa ilichelewa kulitambua jambo hili, lakini imelitambua. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliugua kifua kikuu mwaka 1938, akalazwa katika hospitali ya wagonjwa hao huko Midhurst. Akiwa kitandani, bila la kufanya, alichora vitu vilivyokuwa mbele ya macho yake. Alipoona kuwa kuchora kunampunguzia uzito wa moyo, aliwafundisha wagonjwa wenzake, na baadaye askari waliorudi vitani wakiwa majeruhi. Yeye ndiye aliyeitumia kwanza istilahi ya tiba ya sanaa, mwaka 1942. Huko Brazili, mwaka 1946, daktari Nise da Silveira alikataa kuwatibu wagonjwa wa akili kwa njia za kikatili zilizokuwa zikitumika, kama vile mishtuko ya umeme na upasuaji wa ubongo. Akafungua chumba cha uchoraji katika hospitali moja ya Rio de Janeiro, na watu waliokuwa wamenyamaza kwa miaka wakaanza kusema kwa rangi. Picha zao zilikuwa nyingi na nzuri kiasi kwamba mwaka 1952 zilijengewa jumba lao la makumbusho. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000, ikionyesha kuwa sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi na katika kuwauguza walio nayo, ya mwili na ya akili.

Hata hivyo, hapana budi niwatahadharishe vijana juu ya kosa moja ambalo limeenea. Wako wanaoamini kwamba ili mtu awe msanii sharti awe na wazimu kidogo, na kwamba akitibiwa kipaji chake kitapotea. Humtaja Mholanzi Vincent van Gogh kama shahidi. Ni kweli kwamba mwezi wa Mei 1889 van Gogh aliingia katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, na kwamba katika mwaka mmoja aliokaa humo alichora picha zipatazo 150. Lakini hakuchora kwa nguvu ya maradhi. Yalipompanda alishindwa kufanya kazi. Alipopata nafuu ndipo alipoishika brashi. Kilichochora ni ile sehemu yake iliyokuwa nzima.

Nasi Kenya tuna hadithi yetu, na inamhusu mwalimu. Msanii Sane Wadu alikuwa akifundisha shule kabla ya kuacha kazi hiyo katika miaka ya 1980 ili awe mchoraji. Watu walimwona mwendawazimu: nani anayeacha mshahara wa serikali kwa ajili ya rangi na vitambaa? Naye akajibu kwa kujipa jina la Sane, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwenye akili timamu. Akawa miongoni mwa wachoraji wanaoheshimiwa zaidi nchini, na mwaka 2022 kazi zake za miaka mingi zilikusanywa katika maonyesho makubwa jijini Nairobi. Ninapoliona jina hilo chini ya picha huwa natabasamu, kisha nakumbuka ni mara ngapi sisi walimu tumeligawa neno wazimu bure, kwa mtoto aliyekuwa ametazama dirishani tu.

Sasa niugeukie upande wa pili, maana makala isemayo kwamba kila kukimbilia ni kuzuri itakuwa ya uongo. Timbwani yetu ni mtaa wa ufuo. Jioni, ukishuka kwenye miamba, utawaona vijana wameketi wakitazama meli zinazoingia Kilindini. Baadhi yao wana mashavu yaliyotuna muguka. Baadhi wamekwisha kuonja unga, ile heroini iliyowala vijana wa pwani kwa zaidi ya kizazi kimoja. Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alitoa amri ya kupiga marufuku muguka katika kaunti, nayo amri hiyo ikafikishwa mahakamani, na mabishano yakawa ya biashara na sheria. Katika kelele zote zile sikusikia watu wengi wakiuliza swali dogo: kijana huyu anakimbia nini hata akaona bora kukimbilia huko?

Unga pia ni safari ya mawazo. Simu inayotazamwa hadi alfajiri ni safari ya mawazo. Hata kuchora kunaweza kuwa hivyo, kwa kuwa nimewahi kumfundisha msichana aliyejificha nyuma ya daftari lake la picha mpaka akaacha kula na kuzungumza na wenzake. Tutatofautishaje basi? Mimi hutumia kipimo kimoja, ambacho sikukisoma kitabuni. Nilikipata kwa jirani yangu mmoja, mjane wa mkasa uleule wa mwaka 1994.

Bibi huyo alikaa eda ya miezi minne na siku kumi, na siku zote hizo alisuka ukili. Alichovya miyaa katika rangi nyekundu, zambarau na nyeusi, akaianika, akasuka ukanda baada ya ukanda kwa nakshi alizozijua tangu utoto. Mke wangu alikuwa akimpelekea chakula, na siku moja alimuuliza kama hachoki. Akajibu, "Nikisuka nahesabu miyaa, mwanangu, na nikihesabu miyaa sihesabu siku." Huo ulikuwa ukimbizi mtupu, wala hakuuficha. Lakini eda ilipokwisha, ule ukili ulishonwa ukawa mikeka, mikeka ikauzwa, na karo ya watoto ikalipwa. Alikwenda, akarudi, na aliporudi alikuwa na kitu mkononi.

Hicho ndicho kipimo changu. Mtu anaporudi kutoka alikokimbilia, ana nini mkononi? Sina maana ya fedha. Anaweza kuwa na picha, usingizi wa usiku mmoja, au ujasiri wa kumtazama mwenzake usoni. Unga humrudisha mtu akiwa hana hata kile alichoondoka nacho. Mvulana wangu wa feri, kila alipomaliza kuchora, alikuja shuleni kesho yake. Kwa miaka mitatu hakukosa hata siku moja. Mimi niliyaona madaftari yake yaliyojaa michoro, sikuona rejista yake iliyojaa alama za kuhudhuria.

Walimu wenzangu mtaniuliza: tufanye nini, sisi tulio na wanafunzi 60 katika darasa moja? Nitajibu kwa uzoefu wangu. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi lilikuwa somo la kutahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaondolewa katika KCPE, na kama ijulikanavyo, kisichotahiniwa hakifundishwi. Vipindi vya kuchora vikawa vipindi vya hesabu za ziada. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na chini ya Mtaala wa Umilisi sanaa imerudi katika ratiba. Hata shule ya upili ina mkondo wake wa sanaa na michezo. Hilo ni jema. Hofu yangu ni kwamba tutaipokea sanaa kama njia ya kusaka vipaji na ajira tu, tuwapime watoto kwa unyoofu wa mistari, na yule asiyejua kuchora tumnyime penseli. Mvulana wangu hakuwa na kipaji cha ajabu. Feri yake imepinda upande mmoja. Alikuwa na haja, na haja haipewi alama.

Kwa hivyo naomba kipindi kimoja kwa wiki, kisicho na alama wala mshindi. Vifaa si tatizo. Askari wa Fort Jesus walitumia mkaa na udongo mwekundu, na vyote viwili viko Likoni bila malipo. Makaratasi ya maboksi yanapatikana katika kila duka. Mtoto akichora, usimwambie "Hii ni nini?" kwa sauti ya hakimu. Mwambie, "Nisimulie picha yako," kisha unyamaze. Asipotaka kusimulia, mwache. Picha yake ni siri yake. Usiibandike ukutani kabla hujamwomba ruhusa.

Wala usijifanye daktari. Rangi nyeusi si ugonjwa; yamkini mtoto hana penseli ya rangi nyingine. Lakini ukiona mtoto anachora kifo chake mwenyewe, au anasema hataki kuishi, au ameacha kula na kulala na kucheza, hapo picha imekwisha kufanya kazi yake ya kukuita, na sasa ni zamu yako. Mtafute mwalimu wa ushauri nasaha, zungumza na mzazi kwa heshima na bila kashfa, na mtoto afikishwe kwa wataalamu. Hospitali ya Port Reitz, huko Changamwe, ina kitengo cha magonjwa ya akili, na si aibu kuingia lango lake kama isivyo aibu kwenda kutibiwa malaria. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria za adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Hoja ya kwamba ukisema utaletewa polisi haitunyamazishi tena.

Nawe mwanafunzi, nina neno lako. Ukijikuta unachora kitu kilekile kila siku, usijione mpumbavu. Chora. Lakini mtafute mtu mmoja, mwalimu au shangazi au rafiki, umwonyeshe. Picha ni kimbilio zuri, ila ni chumba cha mtu mmoja, na huzuni nyingine ni nzito mno kubebwa chumbani peke yako. Ukikutana na mwalimu kama nilivyokuwa mimi mwaka 1994, asiyetazama, usikate tamaa ukadhani watu wazima wote ni vipofu. Nenda kwa mwingine.

Siku hizi asubuhi huenda kutembea ufuoni. Meli za makontena hupita karibu kiasi kwamba waweza kusoma majina yake, na ng'ambo, Mama Ngina, watu huonekana wadogo kama punje za mchele. Huwatazama nikajaribu kumtia kila mmoja macho, pua na mdomo. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Ikiwa mvulana yule yu hai, sasa ni mtu mzima aliyepita miaka 40, labda ana watoto wanaochora katika madaftari yao ya hesabu. Sijui alikokimbilia usiku ule wa Agosti, wala kama alipata penseli huko. Ikiwa atayasoma maneno haya, nataka ajue kwamba namwomba radhi kwa fimbo, kwa kejeli, na zaidi kwa ile miaka miwili na nusu niliyoijua habari yake nikanyamaza. Karatasi yako ninayo, mwanangu. Baba yako bado ameshika kikapu chake, na mguu wake uko mchangani. Njoo Timbwani uichukue.